Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Kanuni Ikibadilika, Gari Linabaki na Nini?

Ndugu wanachama,

Asalaam aleikum, na Bwana asifiwe. Hesabu za chama mtasomewa na Mhazini, na Katibu anayo orodha ya waliolipa ada na ambao bado. Mimi naomba nafasi yangu niitumie kueleza jambo lililotukusanya kuliko yote mwaka huu, yaani darasa letu la kanuni za mbio za magari.

Mnakumbuka lilivyoanza. Shirikisho la kimataifa, FIA, lilikuwa limetangaza kwamba kuanzia mbio za Hispania bawa la mbele la magari ya langalanga (Formula 1) litapimwa kwa ukali zaidi: likibebeshwa mzigo wa kipimo lisiiname zaidi ya milimita 10, badala ya 15 za awali. Wengi wetu tukasema timu ya McLaren kwisha habari yake, maana tuliamini siri yake ni bawa linaloinama. Nami nilisema hivyo, mbele yenu.

Fundi wetu mmoja wa Gerezani hakubishana. Alichukua rula ya chuma, akaibana ukingoni mwa meza kwa kiganja, akatundika kindoo cha maji kwenye ncha yake. Rula ikainama. Akamwaga maji nusu, ikanyanyuka. “Maji ndiyo upepo,” akasema. Kwenye kona ya taratibu upepo ni mdogo, bawa linasimama na pua inashika barabara. Kasi ikipanda, bawa linalala kidogo, pua inalegea, na mkia hauchomoki. Dereva anapata gari lililotulia kwenye kona za aina zote mbili. Kisha fundi akauliza swali ambalo hakuna aliyelijibu siku ile: nani kawaambia kwamba gari la McLaren linasimama kwa bawa peke yake?

Jumapili ya tarehe 1 Juni, saa kumi alasiri, tulijaa mbele ya televisheni. Piastri wa kwanza, Norris wa pili, wote McLaren. Msimu ule ule timu ikachukua ubingwa wake, na Norris akachukua wa madereva. Kuanzia wiki ile, kila tulipokutana tulisoma kanuni kwanza ndipo tukazungumza madereva, na swali la fundi likawa ndilo swali letu.

Tukarudi nyuma hadi 2022, na hapo ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi. Mwaka ule kanuni zilirudisha sakafu yenye mifereji, inayolivuta gari chini kwa hewa inayopita kasi tumboni mwake. Mercedes walikuwa wametwaa ubingwa wa timu miaka minane mfululizo, 2014 hadi 2021. Gari lao jipya likawa linarukaruka kwenye mstari ulionyooka. Aliyewahi kukaa kiti cha nyuma cha daladala lililokufa shokapu anaijua hali ile, ila hapa barabara ni laini na kinachorusha ni hewa. Sakafu inavutwa chini, ikikaribia mno lami hewa inakosa njia, mvuto unakatika, gari linanyanyuka, hewa inapita tena, linavutwa tena. Dawa ya haraka ni kuinua gari, na ukiliinua unaipoteza ile nguvu uliyoitafuta. Mwaka mzima walishinda mara moja tu, Brazil, kwa mkono wa dereva wao Russell. Mwenzake, Lewis Hamilton, bingwa mara saba, hakushinda hata mbio moja. Dereva alikuwa yule yule.

Mfano wa 2009 uliwagusa wengi, kwa kuwa jiji letu ni jiji la Toyota. Kanuni mpya zilipunguza mgandamizo wa hewa, ile nguvu inayolibana gari barabarani. Timu tatu, Brawn, Toyota na Williams, zikaona mwanya kwenye maandishi na kutengeneza njia mbili za kutolea hewa nyuma ya sakafu. Wenzao wakakata rufaa, wakashindwa. Button wa Brawn akashinda mbio sita kati ya saba za kwanza. Toyota, wenye ujanja ule ule, waliondoka langalanga mwisho wa mwaka ule bila ushindi hata mmoja tangu waingie 2002. Mwanya mmoja haukutosha kuwabeba.

Kwenye rali, hata hivyo, Toyota hawana mpinzani Naivasha, Kenya, kwenye Safari Rally. Wenzetu waliosafiri kwa basi mwezi Machi, wakafuturu njiani kwa tende na maji, waliyaona magari ya daraja la juu yasiyo na mota ya umeme, iliyokuwa imeanza kutumika 2022. Kanuni ziliiondoa, Evans wa Toyota akashinda, na tangu Safari irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 hakuna kampuni nyingine iliyoshinda pale.

Sasa 2026. Mota ya umeme kwenye langalanga inapanda kutoka kilowati 120 hadi 350, karibu nusu ya nguvu yote ya gari. Ile mota iliyofungwa kwenye tabo (turbo) inaondolewa. Magari yanapungua uzito na upana, na mabawa ya mbele na nyuma yatafunguka kwenye mistari iliyonyooka. Ninachokihofia ni betri: dereva atakayeimaliza mapema atapitwa akiwa amekanyaga mafuta hadi mwisho. Mafundi wetu wanaotengeneza magari ya haiburidi waandae somo hili, kwa sababu hakuna kati yetu anayelijua kuwazidi.

Kamati inaomba idhini yenu kwa jambo moja. Mara mbili mwaka huu umeme ulikatika mbio zikiendelea, na vijana wakatawanyika. Tunataka sehemu ya ada inunue betri na inveta.

Mbio za kwanza ni Melbourne, Jumapili tarehe 8 Machi, saa moja asubuhi kwa saa zetu. Itakuwa Ramadhani, kwa hiyo chai haitapikwa ukumbini. Tufike saa kumi na mbili na nusu, kila mmoja na daftari lake. Fundi wa Gerezani ameahidi kuja na betri iliyofunguliwa.

Mwenyekiti
Dar es Salaam