Kikao cha Jumamosi kimehamia Jambiani

Assalaam alaykum mama zangu na dada zangu wa mwani.

Kikao cha Jumamosi hatukai tena Paje. Tutakutana Jambiani, barazani kwa katibu, saa 10 alasiri.

Sababu ni njema. Mwenzetu anayeuza sabuni za mwani hotelini atakuja na mnunuzi wake. Mwenzetu huyo aliingia hotelini kwa kutambulishwa na muuza viungo aliyekuwa akipeleka mdalasini pale. Kabla ya hapo alizunguka mwenyewe siku nyingi na kikapu, hakusikilizwa. Mwani mkavu bei hutupangia mnunuzi, sabuni tunapanga wenyewe. Kwa hiyo naomba sana tusikose.

1. Njoo na sabuni moja au pakiti ya unga wa mwani, imefungwa vizuri, namba ya simu juu.
2. Mchango shilingi 3,000, chai na nauli ya mgeni. Apewe mshika fedha, mwisho Alkhamisi.
3. Mwenye cheti cha ZBS (taasisi ya viwango ya Zanzibar) aje nacho. Wasionacho watamuuliza alivyokipata.

Tafadhali andika "Nakuja" hapa kabla ya Alkhamisi saa 2 usiku. Mwenye udhuru aseme, na bidhaa yake aitume kwa jirani.