Safari ya miji midogo: Mombasa hadi Voi

Assalaam aleikum, ndugu na dada zangu. Poleni na shughuli.

Safari yetu ni Jumamosi hii, na tutaondoka Mwembe Tayari saa kumi na mbili kamili asubuhi. Mabadiliko ni haya: hatutakwenda Voi moja kwa moja, bali tutasimama Mazeras, Mariakani, Samburu, Taru, Mackinnon Road na Maungu, kwa sababu safari iliyopita tuliipita miji hii mbio na tukarudi bila kisa hata kimoja.

1. Mchango ni shilingi 2,500 kila mtu, za gari na chakula cha mchana. Tafadhali umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi saa mbili usiku.

2. Kila mmoja achague mji na atuandalie kisa cha kuchekesha kilichomtokea huko, atakachotusimulia gari likisimama hapo. Naomba sana tusiwacheke wenyeji, maana ndio watakaotukaribisha chai.

Mackinnon Road nimeuchukua mimi, ila hapo hatutachekeshana. Tutavua viatu na kuingia kwa adabu msikitini kando ya reli, alipozikwa Sayyid Baghali Shah, fundi wa reli ambaye husimuliwa kwamba karai lake la kokoto lilielea juu ya kichwa bila kukigusa. Akina dada, msisahau mitandio.

Tafadhali thibitisheni leo kwa kuandika "nipo" pamoja na jina la mji mliouchagua.