Mfupa unaoshika jino la kupandikiza huliwa kimyakimya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie meno ya kupandikiza, yaani meno bandia yanayoshikizwa kwa kipandikizi, skrubu ya titaniamu inayofungwa ndani ya mfupa wa taya, ambayo siku hizi yanatangazwa katika miji yetu kama meno ya kudumu maisha yote. Ni kweli kwamba titaniamu haiozi, na ni kweli pia kwamba mfupa wa taya huishika barabara, jambo ambalo mtafiti Per-Ingvar Brånemark alilitumia kumtibu mgonjwa wake wa kwanza mjini Gothenburg, Uswidi, mwaka 1965. Lisilotajwa ni kwamba mfupa huohuo unaweza kupungua taratibu, mara nyingi bila maumivu yoyote, na kwamba wanaoumaliza si bakteria peke yao: kazi kubwa hufanywa na kinga ya mgonjwa mwenyewe.

Ukoga unapoganda shingoni mwa kipandikizi, chembe nyeupe za damu hukimbilia pale kupambana na bakteria. Kemikali zinazotolewa na chembe hizo hutanua mishipa midogo ya damu, ndiyo maana ufizi huwa mwekundu, huvimba na kutoka damu ukiguswa. Katika hatua hiyo mfupa bado ni mzima, na ukoga ukiondolewa vizuri uvimbe huweza kutulia. Ukiachwa uendelee, chembe za kinga na za mfupa huzidisha protini iitwayo RANKL, ambayo huzifanya chembe changa ziungane na kuwa osteoklasti, yaani chembe kubwa zinazoyeyusha mfupa kwa asidi na vimeng'enya. Mwili unayo protini nyingine ya kuizuia RANKL, lakini uvimbe ukikaa muda mrefu kizuizi hicho huzidiwa nguvu.

Jino la asili lina ulinzi ambao kipandikizi hakina. Nyuzi zenye damu nyingi hulifunga kwenye mfupa, na hata fizi zake zikiugua, mara nyingi hubaki tabaka la nyuzi kati ya uvimbe na mfupa. Kwenye kipandikizi nyuzi za ufizi hupita kandokando tu bila kujishikiza, na uvimbe huweza kuufikia mfupa moja kwa moja. Kwa hiyo uharibifu ukishaanza huenda kwa kasi zaidi.

Hili si jambo la nadra. Utafiti wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2016, uliowachunguza watu 588 miaka 9 baada ya kuwekewa vipandikizi, uliwakuta asilimia 45 wakiwa na uvimbe ulioambatana na upungufu wa mfupa, na kwa asilimia 14.5 mfupa uliopotea ulizidi milimita 2. Hiyo ni nchi yenye huduma ya meno iliyojengeka kwa miaka mingi. Walio katika hatari kubwa zaidi ni wale waliopoteza meno kwa ugonjwa wa fizi, na wavuta sigara. Kisukari kisichodhibitiwa nacho huongeza hatari. Nasikitika kwamba wengi wa hao ndio hasa wanaovutiwa na matangazo haya, maana ndio waliobaki na mapengo.

Linaloniumiza zaidi ni desturi ya kukimbilia duka la dawa kununua amoksilini au metronidazoli mara ufizi unapotoka damu. Bakteria walio ndani ya ukoga hukingwa na utando wao dhidi ya dawa, na hata wakipungua, ukoga wenyewe hubaki pale ukiendelea kuichochea kinga. Huo hauna budi kuondolewa kwa mkono wa mtaalamu, pamoja na saruji ya kubandikia jino ikiwa imesalia chini ya ufizi, na wakati mwingine ni lazima ufizi upasuliwe ndipo panapofikika.

Kwa hiyo naziomba kliniki zetu ziache kuuza kipandikizi kama bidhaa inayomalizika siku ya kufungwa. Eksirei ipigwe na kina cha ufizi kipimwe jino linapokamilika, vipimo hivyo viandikwe, mgonjwa apewe nakala, na gharama ya usafishaji na uchunguzi wa mara kwa mara itajwe pamoja na bei ya kwanza. Naye anayefikiria kupandikizwa jino aulize, kabla hajatoa fedha, ni nani atakayemsafisha na kumpima katika miaka inayofuata, na ugonjwa wa fizi alionao utibiwe kwanza.

Daktari wa meno,
Tanga