Lile jibu ulilompa nesi

Mwanangu mpenzi,

Juzi kwenye simu ulinisimulia kliniki yako ya kwanza: wamekupima damu na mkojo, presha iko sawa, kisha nesi akauliza kama kwenu kuna mwanamke aliyewahi kupandwa na presha akiwa mjamzito, nawe ukajibu hakuna. Nikanyamaza. Usiku ule sikupata usingizi. Jibu lile si kweli, mwanangu, na aliyekufanya usijue ni mimi.

Siku zote tumekuambia kwamba ulizaliwa njiti kwa sababu niliteleza kisimani. Sikuteleza. Mwaka 1998, mimba yako ikiwa na wiki 33, nilivimba uso na vidole hadi pete ikabidi ikatwe. Nikadhani ndivyo mimba zilivyo. Kisha kichwa kikaniuma siku mbili mfululizo, nikawa naona vimulimuli, chembe ya moyo ikawa inawaka. Baba yako anasema nilianguka jikoni, nikakaza meno na kutetemeka mwili mzima. Mimi sikumbuki kitu. Nilizinduka nimeshapasuliwa, nawe una kilo 1.7, umefungwa kifuani kwa shangazi yako, ngozi kwa ngozi, kwa kuwa mimi sikuweza kukubeba. Kilikuwa kifafa cha mimba, degedege linaloletwa na presha ya ujauzito.

Wala si mimi wa kwanza. Mama yangu mkubwa, ambaye bibi yako alikuwa akimtaja kwenye dua tu, alijifungua salama nyumbani. Siku ya tatu akaanza kukakamaa. Wazee wakasema amepandwa na shetani, wakafukiza ubani, wakamwita mganga. Alfajiri akafariki. Hawakujua kwamba kifafa cha mimba huweza kumpata mama hata baada ya kujifungua, na kwamba arobaini yote ni ya kuangaliwa. Ukoo ukalificha jambo lile kama aibu, na mimi nikairithi aibu yenyewe nikakufichia wewe.

Ugonjwa huu hutembea katika familia. Mwanamke ambaye mama yake au dada yake aliupata, hatari yake huwa takriban mara mbili hadi tatu ya wenzake, na mimba ya kwanza huongeza. Wengi wao huzaa salama vilevile, kwa hiyo sikuambii uogope. Nakuambia ukaseme. Rudi kliniki wiki hii, usingoje tarehe iliyo kwenye kadi. Wakishajua, wanaweza kukuanzishia aspirini ya dozi ndogo, na hiyo hufaa zaidi ikianza kati ya wiki ya 12 na ya 16. Wewe uko wiki ya 11. Usiende kuinunua duka la dawa kwa neno langu. Daktari ndiye aamue.

Kila ukienda wakupime presha na protini kwenye mkojo. Presha ikifika 140/90, au kichwa kikigoma kupoa, au macho yakaingia ukungu, nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane. Mimi niliambiwa ni uchovu, nikapumzike. Wewe usikubali.

Muulize na mumeo habari za kuzaliwa kwake. Watu hudhani mambo haya ni ya upande wa mama tu, kumbe kondo la nyuma hujengwa na mbegu za pande zote mbili, na mwanamume aliyezaliwa katika mimba ya namna hii anaweza kumpelekea mkewe hatari hiyo. Ukiona haya, nitampigia mama mkwe wako mwenyewe. Tutaelewana.

Leo nimefungua lile sanduku la bati nikaikuta kadi yangu ya kliniki. Imeliwa na mende pembeni, lakini mwandiko wa nesi bado unasomeka: 170/110, imezungushiwa wino mwekundu. Mdogo wako ataipiga picha akutumie jioni. Mwonyeshe nesi kabla hajakufunga mashine mkononi.

Mama yako