Kwa mama wa leso ya manjano

Dada, sikukuuliza jina. Jumamosi ile tulikaa benchi moja kwa daktari wa mifugo hapa Nairobi, nami nimempakata kambwa keupe kanakokohoa, kazee, meno yamebaki matatu. Nilikuwa nakalea kwa muda tu, na nilishaazimia kukarudisha kabla hakajanifia mkononi.

Ulinifundisha kuhesabu pumzi kakiwa kamelala: zikizidi 30 kwa dakika, nisingoje kukuche. Jumanne usiku nilihesabu 46. Tuliwahi. Moyo ulikuwa unavuja, maji yamejaa mapafuni.

Sasa kanameza dawa asubuhi na jioni, ndani ya kipande cha ini (bila ini hakamezi!), na karatasi za kukachukua moja kwa moja nimetia saini. Leso uliyokafunika nayo nimeifua, ila kuirudisha kwa mwenyewe kamekataa, kanailalia.