Somo, havikuwa vidonda vya tumbo

Unguja, Jumapili usiku

Somo yangu,

Assalaamu alaikum. Sisi huku wazima, khofu ni kwenu. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimejifungia chumbani. Umeandika kurasa mbili za habari za harusi, na katikati, kama mtu anayepita tu, ukatia mistari minne juu ya mwanao: kwamba amekuwa mcha Mungu, Jumatatu na Alhamisi za kufunga hazimpiti, kwamba sare yake imepunguzwa kiunoni mara mbili, kwamba akishakula huingia bafuni na kulifungulia bomba muda mrefu. Halafu ukamaliza, "ndio ukubwa huo." Somo, mimi sioni ukubwa hapo.

Nina deni kwako. Mwaka juzi wangu alipolazwa nilikwambia ni vidonda vya tumbo. Hakuwa na kidonda. Mwanangu alikuwa akijinyima chakula, maradhi yanayoitwa anoreksia, nami niliona haya kusema kwamba mtoto wa nyumba yenye mchele kapelekwa hospitali kwa njaa.

Ilianzia Ramadhani. Alikuwa na miaka 15, kidato cha pili. Alifunga mwezi mzima, akaunganisha na sita za Mfunguo Mosi, kisha Jumatatu na Alhamisi, na mimi nikimsifu mbele za watu. Ilikuwa karibu na Idd Kubwa ndipo nikakaa nikahesabu. Msichana wa umri ule, mwezi mzima na sita juu yake, hana hata siku moja ya kulipa? Nikafungua kabati lake. Pakiti za pedi nilizokuwa nikimletea kila mwezi zimepangwa nne, hakuna iliyofunguliwa. Baadaye nilielezwa kwamba mwili ukinyimwa chakula huacha kwanza yale unayoweza kuishi bila hayo, na hedhi ni mojawapo. Siku ile nilikaa tu sakafuni na zile pakiti mapajani.

Na alikuwa akipika! Hilo ndilo lililonipumbaza. Futari ya nyumba nzima ni yeye: muhogo wa nazi, tambi, mpaka visheti vya kupelekea majirani. Usiku anatazama mapishi kwenye simu. Akipakua, sahani za watu zimefurika, yake ina vijiko viwili anavizungusha mpaka tunanawa. Daktari alinipa kisa cha Marekani. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, vijana wa kiume 36, wazima wa mwili na akili, walijitolea kupunguziwa chakula karibu miezi sita, ili ijulikane namna ya kuwalisha watu walioteswa na njaa ya vita. Hakuna aliyekuwa na ugomvi na mwili wake. Lakini njaa ilipokolea wakaanza kusoma vitabu vya mapishi, wakarefusha mlo mmoja kwa masaa, wakawakwepa rafiki zao, wakawa watu wa baridi, hasira na huzuni. Nilipokisikia hicho niliacha kumwita mwanangu mkaidi.

Lakini kabla ya daktari huyo tulizunguka. Zahanati ya kwanza ilimpa dawa za vidonda vya tumbo, miezi miwili ikapita. Uongo wangu niliukopa huko. Shangazi yake akasema ni jicho, tukamwandikia kombe. Sijuti. Alilinywa lote, na siku zile ndicho kitu pekee alichomeza bila vita.

Utaambiwa pia kwamba anoreksia ni maradhi ya wazungu. Basi wajibu kwa Fiji. Kule, kama kwetu, mwanamke kujaa ni sifa. Televisheni ilifika mkoa mmoja wa visiwa hivyo mwaka 1995. Wasichana wa shule walipoulizwa mwaka huo, hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Mwaka 1998 wakaulizwa wengine wa rika lao: 11 katika kila 100 wakasema ndiyo. Na hiyo ilikuwa televisheni ya sebuleni, ya kuzimwa na baba, si simu inayolala na mtoto chini ya mto. Tena si lazima iwe hofu ya unene. Kuna utafiti wa Ghana uliotoka mwaka 2004, wa wasichana wa sekondari waliokonda kwa kujinyima, nao walizungumzia dini na kujizuia nafsi. Wangu alikuwa hivyo. Siku moja aliniambia, "Mama, nikifunga najiona safi." Ningejibu nini?

Tiba yenyewe ilitengenezwa London miaka ya 1980, katika hospitali ya Maudsley, na ukiivua maneno makubwa inabaki hii: wazazi wanaishika sahani. Mtoto haamui ale nini wala kiasi gani, kama vile mwenye malaria hajipangii dozi. Hamngoji akubali kwamba anaumwa, wala hamtafuti kwanza nani mwenye kosa. Milo mitatu na vitafunio katikati, mzazi amekaa pale mpaka kiishe, na baada yake saa nzima bila kwenda bafuni peke yake.

Siku ya kwanza ilikuwa kipande cha mkate wa mofa na maharage ya nazi. Tulikaa tangu saa saba mpaka adhana ya alasiri. Alilia, akaniita muuaji, akauficha mkate ndani ya mkunjo wa kanga. Nikautoa, nikampa mwengine. Baba yake akawa anafunga duka kila adhuhuri kuja kula nasi, miezi minne, wateja wakahamia kwa jirani. Nilijifunza kuzungumza habari za paka na za umeme kukatika, chochote kisichohusu chakula. Na nilijifunza kutosema "umependeza, mashavu yamejaa." Hilo nililisema mara moja tu, likatugharimu siku tatu.

Sasa sikiliza, hapa usinifuate mimi, mfuate daktari. Usianze kumjaza chakula kwa pupa. Aliyekaa na njaa muda mrefu akilishwa kingi ghafla, madini ya damu hushuka na moyo unaweza kusimama. Na wako, kwa lile bomba la bafuni, nina shaka anatapika, na kutapika hupunguza potasiamu, ambayo moyo unaihitaji. Mpeleke wiki hii. Waombe wampime mapigo ya moyo akilala na akisimama, potasiamu, fosfeti, sukari, na kipimo cha umeme wa moyo. Wangu mapigo yalikuwa taratibu mpaka nesi akarudia kuhesabu. Muhimbili kuna idara ya magonjwa ya akili. Wakikutuma huko, nenda, usitishwe na jina la mlango.

Usiku mmoja muulize kama huwa anawaza kufa. Uliza kwa maneno hayo hayo. Nilidhani nitamtia wazo. Daktari akasema kuuliza hakumtii mtu wazo. Wangu alinyamaza, akasema, "Mara nyengine." Nililala kitandani kwake wiki sita.

Kuhusu saumu, mwaka huu hakufunga. Shekhe mwenyewe alimsomea aya ya 184 ya Al-Baqara, kwamba mgonjwa atatimiza hesabu siku nyengine, na bado usiku wa kwanza alilia mpaka daku. Majirani tuliwaambia yuko kwenye dawa. Hajapona kabisa, nisikudanganye. Wakati wa mitihani alirudi nyuma, tukaishika tena sahani. Ila juzi nilimsikia jikoni akigombania ukoko na mdogo wake. Nilisimama mlangoni kama mwizi, nisionekane.

Nitakuja Jumamosi na boti ya asubuhi. Usije naye bandarini, mwache alale, na usimwambie nakuja kwa ajili yake. Sema nimefuata vitambaa Kariakoo, maana kweli nina shida navyo. Na ile sare, fundi asiipunguze tena.

Somo yako