Barua kwa somo yangu: paa wa thumuni

Wete, Pemba

Somo yangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, Alhamdulillah, ila migongo. Msimu wa karafuu umetushika koo: mchana kuanika, usiku kuchambua, na makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yamejaa mpaka chini ya kitanda. Ukiinusa karatasi hii utajua sisemi uwongo.

Nina deni lako. Siku ile barazani ulisema watu wa hadithini hawaharibiwi na mali wala cheo, bali mali huwafichua tu walivyokuwa tangu hapo. Sikukujibu kwa kuwa nilikuwa na sinia mkononi na wageni wanangoja. Lakini neno lako limekaa nami, na kila nikilitafuna naona halimezeki.

Unakikumbuka kisa cha Sultani Darai? Edward Steere alikiandika kutoka vinywani mwa watu wa Unguja, akakichapisha London mwaka 1870. Bibi, aliyekuwa hajui hata rangi ya jalada la kitabu hicho, alitusimulia karibu vilevile. Hamdani, maskini wa mwisho, anachakura jaani kutafuta chembe za mtama. Siku moja anaokota thumuni, sarafu ndogo ya zamani, na hiyo thumuni, badala ya kununulia chakula, ananunulia paa. Watu wanamcheka. Yeye anagawana na paa ule mtama wa jaani, wanalala pamoja. Sasa niambie, somo, huyo ni mtu mbaya aliyekuwa akingoja tu kufichuliwa? Mimi nimekaa na watu wema maisha yangu yote na sijamwona wa kugawa mtama wa jaani.

Paa anaokota almasi, anampelekea sultani, anamposea bwana wake binti wa mfalme na kumpa jina la Sultani Darai. Anamuua nyoka wa vichwa saba ili bwana wake apate nyumba. Kisha paa anaugua. Bwana anaagiza apewe uji wa mtama. Bibi akifika hapo alikuwa akinyamaza, anatutazama mmoja mmoja, na wewe ndiye uliyekuwa ukilia wa kwanza, usikatae.

Hapo ndipo ninapokwama. Nyumba imejaa mchele na maziwa. Bakuli moja lisingempunguzia kitu. Basi si ubahili, na wala sidhani ni tamaa, kwa sababu hana tena cha kutamani. Mimi naona kosa la paa ni moja tu: katika nyumba ile nzima, ndiye peke yake aliyemwona bwana akichakura. Utaniambia ile thumuni bwana huitaja mwenyewe, hamfichi mtu. Ni kweli, lakini huitaja kumshusha paa, kwamba mnyama wa thumuni ana haki gani ya kupikiwa wali. Bei anaikumbuka, deni halikumbuki. Paa akifa, anaamuru atupwe kisimani.

Nikishalishika hilo, nikaanza kuliona kila mahali. Macbeth, yule wa Shakespeare: kumuua mfalme Duncan naelewa, alitaka kiti. Banquo, mwenzake, je? Ni kweli wachawi walimwahidi kizazi cha wafalme, na hilo lilimuuma Macbeth. Lakini vilevile Banquo alisimama naye pale wachawi waliposema, alisikia kila neno, na ameshaanza kushuku. Anauawa, halafu anarudi karamuni kukalia kiti cha mwenyeji. Na Maksuudi wa *Utengano*, kile cha mwaka 1980 cha Said Ahmed Mohamed: bwana mkubwa, mwanasiasa, heshima tele mjini, na chini ya heshima hiyo imezikwa mali aliyomdhulumu Mwanasururu. Wanaomwangusha si wapinzani wake wa siasa. Ni Bi Farashuu na Kazija, wanawake wanaojua alikotoka.

Nitakwambia kwa nini limenikaa hivi, maana kwako sina siri. Mwaka ule nilipopata ajira nilikwenda Chake na wakubwa wawili kutoka Unguja. Nina pochi mpya, viatu vinabana. Sokoni nikaitwa kwa sauti: "Kibogoyo! We Kibogoyo!" Yule mama wa kachori, unamkumbuka, aliyekuwa akitupa kwa mkopo na hadai. Somo, nilitoa simu nikajifanya naongea. Simu yenyewe haina chaji. Nikampita hivi, karibu hata kanga zetu zigusane. Hakuwa anataka kitu kwangu. Na mshahara wenyewe niliokuwa nikiuringia ulikuwa umeshaliwa na madeni kabla haujaingia!

Kwa hiyo usinambie nilifichuliwa. Mwezi mmoja kabla ya siku ile ningemkimbilia.

Wiki iliyopita nilikwenda kwake na pishi ya mchele. Hayupo, kaenda Konde kwa mwanawe, inasemekana macho yanamsumbua. Nikauacha mchele kwa jirani. Jirani akaniuliza, aseme umetoka kwa nani. Nikamtajia jina langu la skuli, akakunja uso, halijui. Ikabidi nilitaje lile jingine.

*Utengano* changu kirudishe, unacho tangu mwaka juzi. Mpe yeyote anayepanda boti, ila kifunge vizuri, kurasa za mwisho zimeachia gundi. Watoto nisalimie. Naitwa huko nje, mawingu yamefunga na majamvi bado hayajaanuliwa.

Wako,
Somo